Bahari ya Fundi Saa

"Wananchi watakiwa kuyalinda matumbawe," Rufaa akasoma, kisha akalishusha gazeti magotini akatukazia macho, utadhani sisi ndio tunaoyaiba.

"Wananchi gani?" Tani Mbili akauliza.

"Imeandikwa wananchi tu."

"Mimi ni mwananchi. Nimeonana wapi na matumbawe? Tulikosana lini?"

"Yanakufa, bwana. Wanasema bahari imepata joto, yanakufa."

"Basi Mungu awatie nguvu wafiwa. Mama Birika, nimiminie kingine."

Habari hiyo ingesomwa kwenye benchi lingine lolote ingeishia hapo, watu wangehamia kwenye mpira. Balaa letu ni kwamba benchi letu linaegemea duka la fundi saa, na ndani ya duka hilo, nyuma kabisa ya migongo yetu, kulikuwa na matumbawe. Kwa usahihi, kulikuwa na tumbawe moja, ukubwa wa kifungo cha koti, na limeshatuharibia soga nyingi kuliko siasa.

Kabla sijaendelea, niwajulishe hawa watu. Rufaa alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu hajakubali jambo kwa mara ya kwanza; ukimwambia mvua inanyesha atataka shauri lisikilizwe upya, huku analowa. Tani Mbili ni mbeba saruji wa duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa nyuma. Jina alijipa mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwona amebeba kitu. Mama Birika anauza kahawa, na habari zako anazijua kabla hujazijua wewe. Mimi wananiita Shahidi, kwa sababu kitu kikiharibika huwa nipo, na huwa sijasaidia.

"Kwani hilo gazeti linamsema Fundi?" Mama Birika akauliza, akipeleka kidevu kuelekea dukani.

"Linasema wananchi watakiwa kulinda," Rufaa akasema. "Yeye analinda. Tatizo ni vile anavyolinda."

"Mnakumbuka alivyoanza? Alituita tukaone bahari. Nikaacha birika motoni, nikakimbia na kanga imenivuka. Nafika, tangi la kioo na maji!"

"Na mawe," nikasema.

"Na mawe. Nikamwuliza, samaki wako wapi, kaka yangu? Akanijibu, bado, kwanza maji yakomae."

"Yakomae!" Tani Mbili akajipiga paja. "Maji ni ndizi?"

"Wenzake wanafuga kuku," Rufaa akasema. "Wengine wanafuga mbwa, wengine wanafuga ndevu. Huyu anafuga maji. Wiki nzima, wiki nyingine, mtu mzima amekaa mbele ya kioo anayaangalia maji. Na maji nayo yanamwangalia."

"Na ile taa yake ya buluu," nikasema. "Juzi kapita mtu kanivuta pembeni, ananiuliza kama hapa ndipo wanapopiga picha za mifupa."

"Mbona hamsemi kamba?" Tani Mbili akasema, na sauti yake ikabadilika, maana hilo la kamba halijamtoka moyoni. "Kanunua kamba mzima, mbichi, mnene. Nikamwona kwa macho yangu. Nikasema leo Fundi kapata akili, atakaanga. Akamchukua yule kamba, akamtumbukiza kwenye tangi, akamwacha aoze. Anaoza, na yeye anachekelea! Ananiambia, Tani, njoo unuse, mambo yanakwenda vizuri."

"Nawasikia," sauti ikatoka dukani.

"Tunajua," Rufaa akajibu. "Ndiyo maana tunapaza sauti."

Fundi Saa akatoka. Ni mtu mwembamba mwenye kile kioo cha kutazamia ndani ya saa kimepandishwa kwenye paji la uso, hivyo kila akikuangalia unaona macho matatu. Mkononi alishika kipimo chake cha chumvi, kitu kama darubini ya mtoto, anatia tone la maji kisha anakielekeza kwenye jua. Nimeona watu wakiukagua mwezi kwa haraka kuliko alivyolikagua lile tone.

"Nimewaeleza mara ngapi?" akasema. "Kamba akioza anatoa sumu. Sumu inaleta vijidudu, vinakaa kwenye mawe na kuila. Vikizoea kazi, ndipo unaweza kumwingiza samaki, kwa sababu hata uchafu wake utakuwa na wa kuula. Ukimwingiza kabla, anakufa kwa choo chake mwenyewe."

"Kwa hiyo umeajiri vijidudu," Rufaa akasema.

"Ukipenda kusema hivyo."

"Vinaonekana?"

"Havionekani."

"Na vinafanya kazi?"

"Usiku na mchana."

Rufaa akatugeukia. "Jamani, wafanyakazi hewa. Nimetumikia serikali maisha yangu yote, nimestaafu nikidhani nimewaacha huko."

Tukacheka mpaka Mama Birika akamwaga kahawa. Fundi Saa hakucheka. Alisubiri tumalize, kama mtu anayesubiri gari lenye kelele lipite.

"Na konokono je?" nikamchokoza. "Vijidudu viliwala?"

Hapo akainamisha kichwa kidogo, maana konokono walikuwa aibu yake. Kila maji yalipopungua kwenye tangi, alikuwa anaongeza mengine yaliyokwisha kutiwa chumvi. Hakujua, bwana mkubwa, kwamba maji huondoka na mvuke lakini chumvi haiondoki. Ikajilimbikiza. Siku moja tukakuta konokono wake wote wamejikunyata chini, wamekwisha.

"Wewe," Tani Mbili akamwambia, "ndiye mtu wa kwanza duniani kumkausha konokono akiwa majini."

"Nilikosea. Sasa naongeza maji matupu, yaliyochujwa. Ndivyo mtu anavyojifunza."

"Konokono hawakujifunza kitu."

"Na hilo tumbawe lako," Rufaa akadakia, "bado unashikilia kwamba ni mnyama?"

"Ni mnyama."

"Ana miguu?"

"Hana."

"Ana macho? Analia? Anafukuza wezi?"

"Anafungua mchana na kufunga usiku."

"Hata duka linafanya hivyo. Nakata rufaa."

Ningependa kuwaambia kwamba zilikuwa soga tu. Hazikuwa soga tu, na wote tulijua. Chumba lile duka lilimo ni cha dada yake Fundi Saa, tunayemwita Dada Mkubwa, mwenye nyumba ile na nusu ya uvumilivu wa mtaa. Binti yake anataka kufungua saluni, na chumba alichokitaka kilikuwa hicho. Saa nani analeta siku hizi? Watu wanatazama saa kwenye simu. Fundi Saa akamwomba dada yake ampe muda: atatengeneza bahari ndani ya duka, watu watavutiwa, wataingia. Dada Mkubwa akaja akachungulia, akaona maji na mawe, akaondoka. Akaja tena, akaona maji na mawe na kamba aliyeoza. Siku hiyo akasema maneno yaliyosikika mpaka kwa wauza matofali.

"Bahari ina viumbe! Nitakuja mara moja tu tena. Nikikuta humu kitu kilicho hai, chumba chako. Nikikuta maji na mawe, beba bahari yako uende nayo."

Mara hiyo moja ilikuwa kesho.

Na Fundi sasa alikuwa na kiumbe. Samaki mmoja, rangi ya chungwa, mistari myeupe, urefu wa kidole. Tulimbatiza Mpangaji, kwa vile anakaa chumba kizima peke yake na hafanyi lolote. Alikuwa mzima na mchangamfu, na alikuwa na tabia ya kuja kwenye kioo akikuona, anafumbua mdomo na kufumba, anafumbua na kufumba.

"Sasa nisikilizeni," Fundi Saa akasema, na safari hii alitutazama kwa macho yote matatu. "Naenda nyumbani kula. Niangalizieni duka kama kawaida. Mpangaji amekwisha kula asubuhi. Punje chache tu, mara moja kwa siku. Akija kwenye kioo akifumbua mdomo, si njaa. Anapumua. Msimpe kitu."

"Nani ampe?" Tani Mbili akasema. "Tuna wazimu?"

"Nawaomba. Dada anakuja kesho."

"Fundi," nikamwambia, "samaki wa kidole unamwekea walinzi wanne?"

Akasita mlangoni. "Mnacheka, sawa. Saa zote humo ndani zimesimama, hata wenyewe hawazifuati tena. Lakini asubuhi nikifungua mlango, yule anakuja mbio. Kuna mmoja anayejua kwamba nimefika kazini."

Halafu akaenda, akatuachia hayo maneno. Tukaona aibu, na kwa sababu ya aibu tukamsema zaidi.

"Punje," Tani Mbili akaanza. "Mmesikia? Punje! Kiumbe wa Mungu anapewa punje kwa siku."

"Hata mahabusu wanapewa sahani," Rufaa akasema.

"Eti anapumua," Mama Birika akafyonza. "Mimi nimelea watoto sita. Mdomo ukifunguka hivyo ni njaa, hakuna la kupumua hapo."

"Ni uchoyo," nikasema. "Anambania samaki kisha anasingizia sayansi."

Baada ya muda Tani Mbili akasimama, akasema anaingia dukani kuangalia saa. Akatoka akijifuta vidole kwenye suruali. Rufaa akasema na yeye ajue ni saa ngapi, akaingia huku taya zinasaga. Mama Birika akaingia na birika dogo, si lile la kahawa, akakawia. Mimi pia niliingia. Mtu lazima ajue saa.

Fundi Saa aliporudi alitukuta wote wanne tumekaa wima, tumenyooka, tunasoma ukurasa mmoja wa gazeti. Angekuwa mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo hapo.

Asubuhi nilifika mapema. Si kwa ajili ya samaki, nieleweke, ni kwa ajili ya kahawa. Wenzangu nao walikuwa wamefika mapema, kila mtu kwa ajili ya kahawa, na kahawa yenyewe ilikuwa haijachemka.

Kioo cha tangi kilikuwa cheupe. Yale maji aliyoyafuga miezi yote ile yalikuwa yamegeuka kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu iliyotoka mlangoni ilitufanya turudi hatua nyuma. Fundi Saa alikuwa amekunja suruali, mikono imezama mpaka mabegani, anavuta maji kwa mpira na kuyamwaga nje. Pembeni kulikuwa na pipa la maji ya chumvi, huwa anaweka akiba, na karibu na pipa kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo, mashine ndogo ikikoroma kumpulizia hewa, Mpangaji alikuwa amelala ubavu. Tumbawe limejifunga kama ngumi ya mtoto.

"Nani?" Fundi akauliza bila kugeuka.

Rufaa akafungua gazeti.

"Nimeokota kiini cha yai nyuma ya jiwe."

Tani Mbili akatazama dari. "Labda ametaga. Samaki wanataga, hata vitabuni imo."

"Limechemshwa!"

"Si ndiyo hiyo bahari imepata joto, imeandikwa gazetini."

Fundi Saa akageuka. Sijapata kumwona mtu mpole akiwa vile. Maji ya chumvi yanamchuruzika viwikoni. "Mmeniua," akasema. "Dada yangu yuko njiani, na ninyi mmeniua."

"Ngoja kwanza," Rufaa akasema, maana yeye hata kwenye msiba lazima abishane. "Kamba wako alioza ukachekelea. Vitu vyetu vimeoza unalia. Hii ni sheria gani?"

"Kamba alioza nyumba haina mtu! Ninyi mmemwaga jalala sebuleni, mwenyewe amekaa! Vile vijidudu vimezoea uchafu wa samaki mmoja, mmeviletea wa hoteli nzima. Maji yamekosa hewa!"

"Hoteli nzima ya wapi? Karanga chache..."

"Karanga?" ikasema sauti mlangoni.

Dada Mkubwa hapigi hodi, hajawahi. Alisimama pale na mkoba wake kwapani, binti yake nyuma yake ameshika utepe wa kupimia, tayari kupima ukuta wa saluni. Akalitazama tangi. Akamtazama mdogo wake. Kisha akatutazama sisi, na nikatamani ningekuwa konokono.

"Karanga gani?"

"Nilizitafuna kwanza, dada," Rufaa akasema, karani mzima wa mahakama. "Hana meno."

"Na wewe, jitu zima?"

"Yai, dada. Nusu. Ile nusu nyingine nilikula mimi," Tani Mbili akasema. "Nilimwonea huruma."

"Mama Birika, hata wewe?"

"Maziwa kidogo tu."

"Maziwa! Ndani ya bahari?"

"Yalikuwa vuguvugu! Nilijaribu kwanza mkononi!" Kisha, kwa vile hakupenda kuzama peke yake, akanionyesha kidole. "Na Shahidi ametia biskuti."

"Hilo halihusiani," nikasema.

Dada Mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ulimwachia nani kiumbe chako?"

"Hawa."

"Kwa nini hawa?"

Fundi Saa akajifuta uso kwa mkono uliolowa, ikawa hajafanya kitu. "Ndio nilio nao," akasema.

Tani Mbili akakohoa. Mimi nikasoma kibandiko cha ukutani kinachosema saa zilizotengenezwa zichukuliwe mapema.

Fundi akapiga magoti kando ya ndoo, akamiminia maji ya pipani taratibu, kikombe kwa kikombe, akitia kipimo chake na kukiangalia, akimimina tena. Dada Mkubwa akasimama juu yake. Binti akautazama utepe wake. Tukasubiri. Sijui tulisubiri kiasi gani, na saa za ukutani zisingetusaidia. Halafu Mpangaji akatikisa mkia. Akajiinua kidogo, akalala. Akajiinua tena. Mwishowe akasimama wima majini, akayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo, akaja juu mpaka kwenye vidole vya Fundi, akafumbua mdomo.

"Ana njaa," Mama Birika akanong'ona.

"Nyamaza!" tukamwambia wote watatu.

Dada Mkubwa akainama. "Anakuja kwako?"

"Kila asubuhi," Fundi akasema.

Dada Mkubwa akamwangalia yule samaki kwa karibu. Kisha akanyooka, akamwambia binti yake akunje utepe. "Nilisema nikute kitu kilicho hai. Nimekikuta. Kimenusurika kwa hawa, basi hakuna kitakachokishinda. Chumba chako."

Fundi Saa akaukamata mkono wa dada yake akaukumbatia, umelowa hivyo hivyo. Sisi tukapiga kelele za shangwe, Tani Mbili akanibeba juu, kumbe anaweza kubeba. Rufaa akasema alijua tangu mwanzo haki itatendeka.

"Tulieni," Dada Mkubwa akasema. "Benchi lile la nje ni la nani?"

Tani Mbili akanishusha.

"Lako, dada," Fundi akasema. "Lilitoka barazani kwako."

"Liingie ndani, likae mbele ya tangi. Atakayelikalia ni mteja. Mwenye saa mbovu, anayeiacha itengenezwe. Asiye na saa apite na njia yake."

"Nakata rufaa," Rufaa akasema.

"Kwa nani?"

Rufaa akatafuta mtu wa kumkatia, hakumwona. Tani Mbili akaambiwa alibebe benchi, akalibeba peke yake, huku analia kwa sauti kuhusu kiuno. Sisi tukabaki nje tumesimama, vikombe mkononi, hatujui pa kuweka makalio. Rufaa akajaribu kusoma gazeti akiwa wima, akasema maandishi yamekuwa madogo. Kila mtu akakumbuka ana kazi mahali, tukatawanyika.

Asubuhi iliyofuata nilimwamsha mwanangu nikamwambia anipe saa yake. Nilipofika dukani, mlango ulikuwa bado umefungwa na nilikuta foleni. Rufaa alikuwa na ile saa aliyopewa alipostaafu, nzima kabisa, ameivuta pini kwa makusudi isimame. Mama Birika ana saa ya kengele isiyolia. Tani Mbili amekumbatia saa ya ukutani ya sebuleni kwake, na akatuomba mkewe akipita tuseme hatujamwona.

Fundi Saa akafungua. Nyuma yake maji yalikuwa yameanza kung'aa, Mpangaji yumo tena tangini, na lile tumbawe limefunguka nusu. Akapokea saa moja moja. Yangu akaigeuzageuza mara mbili.

"Hii ya kuchezea. Mishale imechorwa."

"Ndiyo ubovu wenyewe," nikasema.

Akaiandikia kitambulisho, akaiweka kwenye rafu pamoja na nyingine, uso haucheki. Kisha akachukua kisosi, akasimama nacho katikati ya mlango, kati yetu na benchi.

"Mifuko," akasema.

Rufaa akatoa karanga. Mama Birika akatoa kipande cha mkate kilichofungwa vizuri kwenye leso. Mimi nilikuwa na biskuti, lakini ilikuwa ya kwangu. Tani Mbili akatazama dari, akatazama miguu yake, akaupitisha mkono mfukoni polepole, akaweka kwenye kisosi yai moja. Lilikuwa limeshamenywa.